Jina la Chilumba Ukutani

Msimu wa korosho, Asia Omari hana asubuhi ya kulala. Kabla ya kwenda shule huokota korosho zilizodondoka shambani pamoja na bibi yake, Bibi Mwanakombo, ambaye huokota huku akilalamika: majani mengi, korosho chache, mjukuu mvivu. Asubuhi ile Asia alifanya haraka kuliko kawaida, kwa sababu wanafunzi wa Darasa la Sita walikuwa wanakwenda kutembelea bustani ya boma la kale, juu ya kilima kinachotazama mto Ruvuma. Kwa haraka hiyo alisahau korosho mbichi mfukoni mwa sketi yake.

"Ukifika huko, msalimie babu yangu Chilumba," bibi alimwambia. "Mawe ya boma lile aliyapandisha yeye na wenzake kutoka mtoni, mabegani, huku wakichapwa. Hakulipwa hata chumvi."

Bustani ilikuwa nzuri, asikudanganye mtu. Nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri, mizinga yenye kutu ilielekea mtoni, na chini kabisa Ruvuma ulionekana ukijipinda katikati ya mikoko kuelekea baharini. Ng'ambo ilikuwa Msumbiji. Msimamizi wa bustani, Mzee Idrisa, aliwasimamisha mbele ya ukuta mweupe wa boma, penye kibao cha jiwe kilichochongwa jina refu la Mjerumani.

"Boma hili lilijengwa na bwana huyu," alisema kwa majivuno, utadhani ni mjomba wake. "Alilijenga kwa muda mfupi sana. Huyo alikuwa mtu wa kazi!"

Asia akanyoosha mkono. "Mawe aliyabeba mwenyewe?"

Wenzake wakacheka. Mzee Idrisa naye akacheka. "Binti, mkubwa habebi mawe. Waliobeba ni vibarua tu. Nani atakumbuka majina ya vibarua? Haya, twendeni kwenye mizinga."

Vibarua tu! Asia alikasirika. Wenzake walipoondoka, alibaki nyuma, akatoa korosho moja mfukoni, akaipasua kwa jiwe. Kwa maji ya ganda lake aliandika chini ya kibao kile: CHILUMBA. Kila mtoto wa huku anayajua maji hayo. Yakigusa ngozi yanaunguza, kisha panakuwa peusi na kubabuka. Asia aliyajua pia, lakini hasira haikumpa nafasi ya kufikiri. Maandishi yalionekana hafifu tu, naye akakimbilia kwenye mizinga.

Hayakubaki hafifu. Siku chache baadaye Mzee Idrisa aliingia shuleni amefura.

"Ukuta wangu!" alifoka mbele ya darasa. "Jina jeusi kama lami! Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa brashi, wapi! Nilimwona mvulana mmoja mrefu amechelewa pale ukutani. Yule pale!"

Alimnyooshea kidole Josephu, kiranja wa darasa, anayekaa dawati moja na Asia. Josephu ni mtoto wa afisa kilimo aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya. Hata kupasua korosho mbichi hajui.

"Nilikuwa nafunga kamba za viatu, Mwalimu!" alisema Josephu. "Huyo Chilumba simjui!"

Mwalimu Gladness hakutaka kusikia. "Umeniaibisha, Josephu. Sasa shule nzima imefungiwa bustani kwa sababu yako. Kesho mstarini nitakuvua ukiranja mbele ya wote, kisha uende nyumbani ukamlete baba yako."

Josephu alilia kwa hasira, akiupiga ubao wa dawati kwa ngumi. Asia alificha vidole vyake, vilivyokuwa vimeanza kubabuka siku ile, chini ya dawati lile lile. Alimchukia Mzee Idrisa, alimchukia Mwalimu, na zaidi ya wote alijichukia mwenyewe.

Jioni, wakati wa kula, bibi aliona vidole vyake. "We Asia! Nani alikutuma kupasua korosho mbichi?"

Asia akaeleza yote. Alidhani bibi atafurahi kusikia jina la babu yake liko ukutani. Thubutu!

"Nilikutuma kumsalimia, sikukutuma kumpaka ukutani!" bibi alisema kwa ukali. "Na huyo mtoto wa watu je?"

"Naogopa, Bibi."

"Babu yangu alibebeshwa mawe yasiyo yake. Sasa na wewe umembebesha mwenzako kosa lisilo lake. Una tofauti gani na hao unaowakasirikia?"

Asubuhi, mstarini, Mwalimu Gladness alimwita Josephu mbele. Kabla hajaigusa beji yake ya ukiranja, Asia alitoka kwenye mstari, akanyoosha vidole vyake vyeusi vilivyobabuka.

"Ni mimi, Mwalimu. Chilumba ni babu wa bibi yangu. Josephu hana kosa."

"Jana ulikaa pembeni yangu ukaniangalia nikilia!" Josephu alifoka.

Mwalimu Gladness alimwomba Josephu radhi mbele ya shule nzima, maana naye alihukumu bila kusikiliza. Asia akapewa adhabu ya kukwangua ukuta na kuupaka chokaa.

Jumamosi Asia alikwangua tangu asubuhi, Mwalimu, bibi yake na Mzee Idrisa wakiwa wamesimama nyuma yake. Josephu alikuja na brashi. "Sijakusamehe," alisema. "Nimekuja kuhakikisha unapaka vizuri." Kisha akaanza kupaka upande wa pili.

"Mjukuu wangu amekosa, na amekiri," Bibi Mwanakombo alimwambia Mzee Idrisa. "Na wewe uliyemwita babu yangu kibarua tu, utakiri lini?"

Mzee Idrisa alinuna. "Nilisema nilivyofundishwa," alijibu. "Lakini nilikosea. Hao wenzake waliitwa nani?"

Bibi akaanza kuwataja: Nandonde, Likwati, Mchopa. Mzee Idrisa akarudia kila jina mpaka akayashika.

Mwalimu Gladness alimgeukia Asia. "Hasira yako ilikuwa ya haki. Lakini jina la Chilumba uliliandika, na lako ukalificha, mpaka mwenzako akaumia. Ukiona uongo, upinge mchana, mbele ya watu. Na ukikosa, kiri mapema, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako."

Wageni walikuwa wanapanda kilima. Mzee Idrisa alikohoa, akawapeleka mbele ya ukuta ambao chokaa yake ilikuwa haijakauka.

"Mawe ya boma hili," alianza, "yalibebwa na Chilumba na wenzake."