Shimo la Mayai Chini ya Tavurvur

Asubuhi ile IaLuaina alikuwa akikuna nazi mlangoni kwake, kisiwani Matupit. Ng'ambo ya maji, moshi wa mlima Tavurvur ulipanda wima kama uzi. Upepo haukuwapo hata wa kutikisa jani. Mumewe, ToVuia, akapita mbele yake na beleshi begani na kikapu mkononi.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Kuchimba mayai. Jumamosi tunaondoa matanga. Unataka wageni wale ndizi tupu?"

"Shimo lipi?"

ToVuia akakohoa. "Lile lile."

IaLuaina akaiacha nazi. Lile lile! Humo ndimo alimokutwa kaka yake ToMeli mwaka jana, amejilaza ubavu kama mtu aliyesinzia, bila jeraha hata moja. Na matanga yenyewe ni ya ToMeli.

"Baba Rume, hayo ni masikio au vifuu vya nazi? Shimo limemla ndugu yangu, nawe unataka tummwagie chozi la mwisho tukitafuna mayai ya shimo hilo hilo?"

"Ndilo lenye mayai mengi. Kuku pori hufukia mayai yao penye mchanga wa joto, na lile shimo lina joto zuri chini. Halafu si shimo lililomuua. Ni kaia."

Kaia ni roho wa mlimani. Kila jambo lililomshinda ToVuia, alimtwika kaia.

"ToMeli alikuwa na kelele," akaendelea. "Anaimba shimoni! Mimi nachimba peke yangu, kimya, kama marehemu baba. Ndege hawatishiki, na kaia hakasiriki."

"Baba yako alikuwa na bahati tu. Bahati hairithiwi!"

"Maneno, maneno, maneno," akasema ToVuia, akashuka kwenye mtumbwi wake.

IaLuaina alikuwa amemwambia jana. Alikuwa amemwambia juzi. Alichoka kusema na ukuta. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Delma, mwanamke anayefanya kazi na wale wanaouchunguza mlima.

"Delma, shemeji yako ananitafutia ujane. Amekwenda kwenye shimo la ToMeli."

Delma aliinua uso akautazama ule moshi uliosimama wima. Akaiweka chai chini bila kuimaliza. "Chukua kamba. Twende."

Walivuka kwa mtumbwi wa Delma. IaLuaina alipiga kasia kwa hasira hata maji yakawarukia.

"Hebu niambie," akasema. "Ni nini kilichomo mle? Kila mtu ananiambia kaia, kaia."

"Ni gesi. Inatoka chini ya mlima pamoja na joto. Haina rangi, haina harufu."

"Mbona mlima unanuka kama yai viza?"

"Hiyo ni gesi nyingine. Ile unaisikia, unakimbia. Hii huisikii. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inakaa mabondeni na mashimoni kama maji kwenye beseni. Upepo ukivuma, inatawanyika. Asubuhi tulivu kama hii, inajaa. Mtu akiinama humo anaumwa kichwa, anaishiwa nguvu, anaanguka. Hata kupiga kelele hawezi."

IaLuaina akakumbuka uso wa kaka yake. Akakaza kasia.

Walimkuta ToVuia bondeni, nyuma ya vichaka. Kofia yake tu ndiyo iliyoonekana ukingoni mwa shimo. Haikuwa ikisogea.

"Baba Rume!"

Kimya.

"ToVuia! Itika!"

Kimya. Je, alikuwa anakufa, au alikuwa anachimba kama marehemu baba yake? Ujinga gani huu, mtu kujiwekea sheria inayomfanya aliye hai asitofautiane na maiti! IaLuaina akakimbilia shimoni. Delma akamdaka mkono.

"Usishuke! Ukimfuata nitazika wawili. Wengi hufa hivyo, wakienda kuokoa."

IaLuaina akaokota jiwe jepesi la mlimani, akalirusha kwa nguvu zake zote. Likaigonga kofia.

"Nani huyo?" ToVuia akainua kichwa taratibu, macho mekundu. "Mnafukuza ndege, nyinyi!"

"Toka!" wote wawili wakapiga kelele. Delma akamtupia kamba. "Jifunge kwapani, shemeji. Upesi!"

Alitaka kubisha, lakini miguu ilimsaliti. Wakamvuta. Wakamkokota mpaka juu penye hewa, akakaa akihema, ameshika kichwa.

"Ni njaa tu," akasema. "Sikunywa chai."

IaLuaina akatazama mbinguni. "Mungu wangu, nipe subira au nipe jiwe jingine."

Delma alifunga kuti kavu kwenye ncha ya kamba, akaliwasha, akaliteremsha shimoni kutoka mbali. Kuti likawaka vizuri mpaka ukingoni. Liliposhuka kidogo tu, likazimika kana kwamba limechovywa majini.

"Upepo huo," akasema ToVuia.

"Upepo gani?" IaLuaina akauliza.

ToVuia akautazama moshi wa Tavurvur, wima kama uzi. Akaomba kamba, akawasha kuti jingine kwa mkono wake mwenyewe. Likazimika pale pale. Akakaa chini.

"Nilikuwa karibu kuinama," akasema polepole.

"Moto ukizimika, kimbia," Delma akamwambia. "Lakini ukiwaka usidhani umepewa ruhusa. Gesi inaweza kumdhuru mtu kabla haijazima moto. Ukiona mjusi au ndege amekufa bondeni, usikaribie. Usichimbe bondeni. Usichimbe asubuhi isiyo na upepo. Shimo lisipite kiuno chako. Usiende peke yako. Na mwenzako akianguka, mvute kwa kamba, usimfuate."

"Na kaia?"

"Kaia muulize mwenyewe. Mimi naijua gesi."

Jioni walikwenda kwa mjomba wa IaLuaina, mzee ToPidik, kwa kuwa ardhi ile ni ya ukoo wa mama yake IaLuaina na neno la mwisho ni lake. Mzee aliwasikiliza, akafuta macho, akasema shimo la ToMeli lifukiwe. Kesho yake mchana, upepo wa bahari ulipokolea, vijana wa ukoo walisimama juu ya bonde wakatupa mchanga mpaka shimo likajaa.

Siku ile ile ToVuia alichimba mteremkoni, mahali pa wazi. Huko nako mchanga ulikuwa na joto, na kuku pori walikuwa wamefukia mayai yao. Hayakuwa mengi. Yalitosha kila mgeni wa matanga apate nusu, pamoja na magimbi na ndizi za tui, na hakuna aliyelalamika isipokuwa ToVuia.

Tangu hapo huenda wawili. IaLuaina hukaa juu na kamba mkononi, na sheria yake ni moja: aliye shimoni asinyamaze. ToVuia huanza na mgongo unaomuuma, akaja kwenye bei ya mafuta ya taa, akahamia kwa mchungaji na mahubiri yake marefu, halafu akarudi mgongoni.

Ni mwanamume wa kuchosha mno. IaLuaina huishika kamba na kumsikiliza neno kwa neno.