Sahani Iliyorudi Tupu

Kila Idi, mama alinituma kwa Mama Stoja, jirani yetu Mkristo, na sahani ya baklava, keki tamu ya jozi na shira. Naye Pasaka alituletea mayai ya rangi. Katika mji wetu huko Bosnia sahani ya jirani hairudi tupu. Hata vitunguu viwili utaweka. Ukiirudisha tupu umesema ujirani umekwisha.

Mwaka ule kaka yangu Nermin alinizuia mlangoni. Tangu aachishwe kazi kiwandani alishinda na simu, akimsikiliza mhubiri tusiyemjua, na majirani Wakristo hakuwasalimia tena. Akasema kumpelekea Mama Stoja chakula cha Idi ni dhambi; nisiipeleke, ila mama asijue.

"Ni wewe tu unayenielewa, Zumra," alisema.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nampenda mno. Nikaila baklava nyuma ya kuni, nikarudi na sahani tupu, nikasema ndivyo Mama Stoja alivyoirudisha.

Mama aliiosha, akaifungia kabatini. Pasaka ikapita bila mayai. Wanawake waliozoeana miaka ishirini wakawa wanapishana sokoni kama wageni, nami nikaufyata mdomo.

Mwezi wa sita Nermin aliaga, eti anakwenda Slovenia kutafuta kazi. Siku ya tatu akapiga simu kutuaga kabisa: anakwenda vitani, nchi ya mbali. Mama akaketi sakafuni. Hapo ndipo nilipomweleza yote. Akanishika mkono hadi kwa jirani.

Mama Stoja alilia. "Hasiba," alimwambia mama, "nilimwona mwanao mara tatu akiingia kwenye gari la wanaume wageni. Nilitaka kuja kukwambia. Nikajisemea, hawa hawanitaki tena."

Namba ya gari lile alikuwa ameiandika. Polisi walimkuta Nermin mpakani. Yu hai, lakini yuko gerezani, kwani sheria yetu inakataza kwenda kupigana vita vya nje, na tunamwona mara moja kwa mwezi. Najuta mpaka leo.

Tulipotoka kumwona mara ya kwanza, mama hakunigombeza. Natamani angenigombeza.

"Dini hakufundishwa na yule mtu wa simu," alisema. "Swala alifundishwa na baba yenu, nyumbani kwetu. Yule alimfundisha kuficha tu, naye akakufundisha wewe. Mwanangu, mtu akikwambia umfiche mama yako jambo kwa ajili ya Mungu, huyo hajatumwa na Mungu. Njoo uniambie, hata kama ni kaka yako. Hasa akiwa kaka yako."