Pedali za Mwalimu

Asubuhi ile ya Jumamosi Meneja alioga mapema, akavaa shati lililopigwa pasi kwa nguvu zote, akapandisha miwani ya jua kichwani na kwenda kulichukua gari la marehemu kaka yake. Sisi wa mtaa ule tulimwita Meneja kwa sababu alikuwa na sauti ya kuamrisha na hakuwa na kazi yoyote tuliyoijua. Alitembea kifua mbele. Mtu angedhani anakwenda kuzindua daraja.

Gari lenyewe lilikuwa la kufundishia udereva: dogo, jeupe, limepauka kwenye boneti, na kibao cha shule juu ya paa. Chini, upande wa abiria, lilikuwa na pedali mbili za ziada, breki na klachi, ili mwalimu aweze kulisimamisha pale mwanafunzi anapotaka kuua watu. Mwalimu akikanyaga breki yake, ya mwanafunzi nayo inazama, maana zimeunganishwa kwa chuma kimoja. Kaka mtu alifundisha nusu ya madereva wa mji ndani ya gari hilo, na hakuwa mtu wa kelele. Ukikosea, aligonga dashibodi kwa pete yake, ko, ko, nawe ukajua unatakiwa kusimama papo hapo. Kisha alisema maneno yake yale yale, kwa sauti ya chini: "Zima. Tuanze upya."

Meneja mwenyewe aliwahi kufundishwa humo, akakimbia masomo katikati. Alidai hawezi kugongewa pete kama mtoto wa chekechea. Leseni yake aliipata kwa njia anazozijua yeye.

Sasa kaka alikuwa amelala asiamke, udongo wa kaburi haujakauka, na mdogo mtu ameshagundua kwamba gari ni mali ya ukoo. Mjane naye alikuwa mwalimu, leseni ya kufundisha anayo, na darasa la asubuhi lilikuwa lake tangu zamani. Gari likiondoka, shule imekufa, na yeye na binti yake wangeishi kwa kutegemea nini? Meneja alilijua hilo vizuri. Alinyoosha mkono hivyo hivyo.

"Funguo, shemeji."

"Shemeji, nina mwanafunzi anasubiri getini," mjane alisema. Kweli, nesi mmoja wa zahanati alikuwa amesimama pale na viatu vyake vyeupe vya kazini, amekuja kujifunza.

"Apande basi. Gari la kaka ni gari letu."

Mjane hakubishana. Alikuwa amelia siku nyingi na hakuwa na sauti ya kupoteza kwa mtu wa aina ile. Alimwekea funguo kiganjani. "Funga mkanda kwanza," akamwambia. "Unajua mwenyewe, hilo haliwaki kwa mtu ambaye hajafunga mkanda."

Meneja alicheka mpaka meno ya mwisho yakaonekana. "Hilo ni bati na matairi, shemeji. Litaniona kwa macho gani?"

Aliingia, akaubamiza mlango, akaacha mkanda ukining'inia, akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka zote. Stata haikupiga. Kilichosikika kilikuwa kitu kingine, karibu kabisa na goti lake.

Ko, ko.

Alimtazama mjane. Huyu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, mikono kifuani, na pete ya marehemu ilikuwa kwenye kidole gumba chake. Meneja akajiambia ni stata inagonga. Akazungusha tena, na tena, na kila mara alijibiwa vile vile. Mwishowe aliita fundi.

Fundi wa gereji ya pale kona alikuja na kisanduku chake, akapima betri, akachomoa plagi na kuzikagua, akaijaribu stata peke yake ikanguruma kama kawaida. Akafunga boneti polepole.

"Gari halina ubovu, bosi."

"Kama halina ubovu mbona haliwaki? Ndiyo maana mnazeekea kwenye hizo ovaroli. Sukumeni!"

Fundi alimeza mate na matusi pamoja. Wapita njia wawili waliitwa, nesi naye akaweka mikono nyuma ya gari, wakasukuma. Halikusogea hata nukta.

"Umeachia handbreki?" fundi aliuliza.

"Mimi ndiye wa kuulizwa hivyo?"

Fundi alizunguka hadi dirisha la abiria akachungulia ndani. Akabaki ameinama. Alipozungumza, alinong'ona.

"Bosi. Tazama chini. Huku."

Breki ya mwalimu ilikuwa imezama mpaka sakafuni. Ya Meneja nayo imezama, na mguu wake haukuwa juu yake. Zulia la upande wa abiria lilikuwa limebonyea mahali pa kisigino. Wakiwa bado wanatazama, pedali ilipanda taratibu, kama mtu anayepumzisha mguu. Kisha ikazama tena.

Wapita njia walikumbuka ghafla kwamba wana haraka. Nesi alirudi getini akashika nguzo.

Meneja aliogopa. Shati lake la pasi lilimganda mgongoni. Lakini alikuwa mtu wa kuogopa kuchekwa kuliko kuogopa kitu kingine chochote chini ya jua, na mtaa mzima sasa ulikuwa madirishani.

"Zing'oe hizo pedali."

"Hapana, mzee. Mimi siwezi."

"Mshirikina mkubwa! Lete spana."

Akapiga magoti mwenyewe, akazungusha spana, akajichubua vidole, akajipaka grisi hadi kwenye kola. Bolti zilipoachia alizichomoa pedali na kuzitupa uani, mbele ya miguu ya mjane.

"Haya," akasema. "Akanyage sasa."

Mjane alijiziba mdomo. Fundi ndiye aliyeziokota, akazifuta kwa kitambaa chake na kuzilaza ndani ya kisanduku, kwa heshima ambayo hakuna aliyemwambia aionyeshe.

Na gari likawaka. Mara moja tu, laini, bila kusitasita. "Si nilisema?" Meneja alipiga kelele, akaondoka huku akipiga honi. Wengine wanasema kuzing'oa pedali ndiko kulikomaliza nguvu zake mwalimu. Mimi naona mwalimu alikuwa amechoka kuhubiri, akaamua kwenda kwenye mafunzo ya vitendo.

Barabara ya mtaa wetu inashuka mteremko mrefu hadi makutano. Meneja aliishuka, usukani kwa mkono mmoja, kiwiko dirishani. Alianza kupiga mluzi.

Ko, ko.

Mluzi ukakatika. Aligeuza macho bila kugeuza kichwa. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Mkanda wake ulikuwa umefungwa. Haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umepinda kwa mbele, umekaza, kama unavyokaa kwenye kifua cha mtu.

Ukapanda kidogo. Ukashuka. Ukapanda.

Mtu mwenye akili angesimama. Meneja alikasirika.

"Umekufa!" alifoka. "Umekufa, na gari ni langu!"

Akakanyaga mafuta.

Ko, ko. Ko, ko. Ko, ko.

Makutano yakaja. Lori la mchanga likatokea upande wa kulia. Meneja aliliona. Mguu wake haukutii. Ulibaki kwenye mafuta, mgumu, umekufa ganzi. Pale chini kwa abiria, palipobaki matundu ya bolti tu, alisikia kiatu kikitua.

Pedali ya breki ya Meneja ikazama yenyewe.

Gari lilisimama pale pale. Yeye hakusimama nalo. Hakuwa na mkanda. Mdomo wake ulikutana na usukani, na lori likapita mbele ya pua ya gari kwa honi ndefu. Injini ikazima. Ufunguo ulizunguka polepole kurudi nyuma, na hakuna aliyeushika. Kisha pumzi baridi ikamgusa sikioni, inanuka udongo mbichi.

"Tuanze upya."

Tulipofika tukikimbia tulimkuta wima kwenye kiti, damu inamtiririka kidevuni. Alikuwa amefunga mkanda. Alirekebisha kioo. Akaigusa gia. Akaugusa ufunguo, akasita, akatikisa kichwa kama aliyekosolewa. Akafungua mkanda. Akaanza tena.

"Meneja, shuka," fundi alimwambia.

"Nyamaza," alinong'ona. "Bado hajaridhika."

Tulimtoa kwa nguvu. Hadi leo hukaa kibarazani kwao, anavuta mkanda usiokuwepo, anarekebisha kioo kisichokuwepo, anasikiliza, na kuanza upya. Ningependa kusema tulimhurumia. Nesi alimhurumia, lakini hiyo ni kazi yake.

Mjane alishuka mteremko kwa miguu. Aliketi, akafunga mkanda, gari likawaka, akalirudisha nyumbani huku analia. Hakuna mwanaukoo aliyeliulizia tena.

Kesho yake fundi alikwenda kuzirudishia pedali. Alifungua mlango wa abiria, akainama.

Pedali zilikuwepo. Breki na klachi, zimefungwa kwa bolti zilizoshika kutu ya zamani, vumbi la miaka limeganda pembeni bila kuguswa na spana. Mpira wa breki ulikuwa umelika upande mmoja, pale mwalimu alipozoea kukanyagia. Fundi akafungua kisanduku chake. Zile alizoziokota uani zilikuwemo. Mpira wa breki ulikuwa umelika pale pale.

Alikifunga. "Tayari, mama," akamwambia mjane, na hakutaka malipo.

Zile za kwenye kisanduku amezitundika msumarini gerejini, ameogopa kuzitupa. Haonyeshi watu ovyo. Lakini asubuhi, nesi anapokuwa kwenye somo lake na mjane ndani ya gari huko barabarani, fundi huacha kazi na kuitazama ile ya breki. Pedali hushuka kidogo, pale msumarini. Kisha hupanda.