Mlango wa Pili Hospitalini

Kila asubuhi Nelima alikaanga mandazi na kuwauzia wanafunzi waliopanga vyumba kando ya barabara ya Kesses, nje ya Eldoret. Mume wake, Wakoli, alikuwa fundi wa mawe. Mtoto wao, Janice, alikuwa na miezi saba, mnono na mcheshi.

Siku moja ya baridi Nelima alimpeleka Janice kliniki kupimwa uzito. Hospitali yao ndogo ilikuwa na mlango mmoja, ukumbi mmoja na benchi moja refu. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Karibu naye aliketi mama aliyempakata mvulana mwenye macho mekundu. Mvulana alikuwa akikohoa, na uso wake ulikuwa umejaa vipele.

Wiki mbili hazikuisha kabla ya Janice naye kushikwa na homa. Akatokwa na vipele. Kisha akaanza kuhema kwa shida. Alilazwa katika hospitali kubwa mjini, mpira wa oksijeni puani. Nelima hakula, hakulala. Mungu akasaidia, mtoto akapona. Lakini alirudi nyumbani amekonda hata nguo zake zikawa zinampwaya.

Alipompeleka tena kuangaliwa katika hospitali yao ndogo, alimkuta Sista Waiyego. Huyu ndiye muuguzi aliyehusika na kuzuia magonjwa yasienee hospitalini.

"Ilikuwa surua," Sista alieleza. "Chanjo yake ya kwanza hutolewa mtoto akifika miezi tisa. Janice alikuwa hajafika."

"Na aliipatia wapi?"

"Hapa, Mama Janice. Mgonjwa wa surua akikohoa, vijidudu vinaweza kukaa hewani hata saa mbili baada ya yeye kuondoka. Ukumbi ukifungwa, kila aliye ndani anavivuta."

Nelima alihisi kama amepigwa kofi. "Nilileta mtoto mzima hospitali, nikarudi na mgonjwa?"

"Ndiyo. Na si kosa lako. Wala si kosa la yule mama mwingine. Ni jengo letu."

Nyuma ya jengo hilo, jipya lilikuwa linaanza kujengwa. Wakoli ndiye aliyekuwa fundi. Jioni Nelima alimuuliza, "Hilo jipya litakuwa na milango mingapi?"

"Mmoja. Na ukumbi mmoja mkubwa, mzuri sana."

"Basi usiweke hata jiwe moja, Baba Janice."

"Wee! Msingi nimeshachimba!"

"Utachimba mwingine."

Wakoli alimtazama mkewe, akamtazama mtoto aliyelala. Hakubishana tena.

Kazi ilikuwa kumshawishi Mzee Gathogo, mwenye duka la jumla na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Alikuwa mtu mwema, lakini mgumu. Nelima na Sista walimwendea kuomba madirisha mengi, na mlango wa kando kwa wenye homa na vipele.

"Hapa kwetu ni baridi," alisema. "Mkiniwekea madirisha kila mahali, wagonjwa wataganda. Na mlango wa kando ni wa nini? Watu watasema tumejenga mlango wa waliotengwa."

Sista Waiyego alimweleza habari za hewa. Mzee akatikisa kichwa. "Hewa siioni, Sista."

Nelima akasimama. "Nitakuonyesha, Mzee."

Jumapili baada ya kanisa, hospitali ikiwa haina wagonjwa, mbele ya Mzee, Sista na Wakoli, Nelima alibeba jiko akaliweka kwenye ncha ya benchi. Akatia makaa, na juu yake magunzi mabichi ya mahindi. Moshi ukapanda. Ukajaza ukumbi, ukafuata korido, ukaingia hadi chumba cha kupima watoto. Mzee Gathogo alikohoa, akajifuta machozi.

"Huo moshi ni kikohozi cha mgonjwa mmoja tu," Nelima alisema. "Sasa angalia umefika wapi."

Sista akafungua madirisha yanayotazamana, upande huu na ule. Upepo ukapita katikati. Punde si punde moshi ukaanza kupungua.

Mzee aliufuata moshi kwa macho hadi dirishani. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na baridi je?"

"Tutaweka madirisha mengine juu, karibu na dari," Sista alijibu. "Hewa itatoka bila kumpiga mgonjwa kitandani. Halafu tumpe blanketi za kutosha. Blanketi inazuia baridi, Mzee. Haizuii surua wala kifua kikuu."

Mzee Gathogo akageuka. "Wakoli, fukia huo msingi. Tunaanza upya."

Walijenga kwa miezi. Langoni waliweka meza ambapo kila anayefika huulizwa: una homa, kikohozi au vipele? Mwenye dalili hizo hupewa barakoa na kuelekezwa mlango wa kando. Husubiri nje, chini ya paa lisilo na kuta. Chumba chake kina choo chake, na madirisha yake yanatazama shamba, mahali ambapo watu hawaketi. Kabla ya kuingia, muuguzi huvaa nguo za kujikinga katika chumba kidogo chenye milango miwili. Mmoja haufunguliwi kabla ya mwingine kufungwa. Akimaliza hutokea upande mwingine, akavua na kunawa kwa bomba linalofunguliwa kwa kiwiko.

"Milango yote hii!" Wakoli alilalamika siku moja, jasho likimtiririka. "Ni hospitali ama ni nyumba ya mchwa?"

"Piga plasta, Baba Janice," Nelima alimjibu. "Na sakafu iwe laini, iwe rahisi kuoshwa."

Msimu wa mvua surua ikazuka tena. Asubuhi moja kliniki ikiwa imejaa watoto wachanga, mama kijana anayeitwa Edinah alifika langoni na binti yake mwenye vipele. Nelima, ambaye sasa alijitolea pale langoni, alimpa barakoa na kumsindikiza.

Edinah alisita mbele ya mlango wa kando. Machozi yakamlenga. "Mnanifukuza?"

"Hapana, dada. Huku ndiko utahudumiwa haraka zaidi. Sista anakungoja."

Binti yake alitibiwa, akapona. Wiki zilizofuata Sista Waiyego aliwafuatilia watoto wote waliokuwa kliniki siku ile, nyumba kwa nyumba. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Wauguzi nao walikuwa wazima.

Habari zikafika mbali. Kamati ya zahanati moja upande wa Chepkoilel ikaja kuona. Mzee Gathogo aliwapokea, akawashika mikono mmoja mmoja, kisha akamwita Nelima awaeleze.

Nelima alijifuta unga mikononi. "Twendeni," alisema. "Tutaanzia langoni."