Maji Ndani ya Pacha

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Yustina alikuwa na kazi yake ufukweni Kunduchi: kuchota kwa kopo maji yaliyoingia ndani ya Pacha. Pacha kilikuwa chombo kigeni pale, miili miwili myembamba kama mitumbwi, iliyoungwa kwa mbao katikati, na tanga moja juu yake. Mhandisi wa kiwanda cha saruji cha Wazo alimwachia chombo hicho mlinzi wake, Marselino, baba yake Yustina, alipofunga virago kurudi kwao. Mwili wa kulia ulikuwa mkavu siku zote. Wa kushoto, jamani, ulikunywa maji kama mlevi. Uliwahi kugonga mwamba, naye Marselino akauziba kwa plaiwudi na puti, akapaka rangi nyeupe ikapendeza.

Tangu mhandisi aondoke, Marselino hakuwa na kazi, na miaka ile wasio na kazi mjini walikuwa wakisombwa kwa malori kupelekwa vijijini. Ushirika wa wavuvi ulikubali kumwandikisha iwapo chombo chake kingefaa. Siku ya ukaguzi alimwamsha Yustina mapema.

"Kikaushe vizuri. Na ukiulizwa, hakijawahi kuumia. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Tukikosa hapa, ni lori tu."

Fundi wa ushirika, Mzee Mwishehe, alikuja na mjukuu wake Samiha, aliyekaa dawati moja na Yustina.

"Shikamoo, babu," Yustina alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mzee hakuwa na haraka. Alivuta kamba, akakunjua tanga, akaugonga mwili wa kulia kwa nyundo ya mti. Ulilia vizuri. Akaugonga wa kushoto, ukatoa mlio mzito uliokufa; akarudia palepale, akakunja uso.

"Hapa panalia bufu," alisema. Palikuwa na tundu dogo juu, lakini mkono wake ulikwama. "Yustina, wewe una mkono mwembamba. Utie, upapase mpaka chini. Leo mkono wako ndio wangu."

Yustina akautia. Vidole vilizama kwenye ubao laini kama muhogo uliooza, vikalowa. Alijua baba yake anamtazama.

"Vipi?"

"Kukavu, babu. Kugumu." Akautoa mkono na kuufuta upesi nyuma ya gauni.

Mzee alimwangalia kitambo kidogo. "Haya," alisema. Marselino akashusha pumzi.

Sasa, wavuvi wale walikuwa na desturi isiyo na mjadala: aliyekipitisha chombo ndiye wa kwanza kukipanda. Mzee Mwishehe akapanda. Samiha naye akarukia nyuma yake, anacheka. Hilo Yustina hakulifikiria. Uongo hauulizi nani ataupanda.

Upepo ukajaza tanga. Hawajafika mbali, Yustina akaona mwili wa kushoto unaanza kuzama. Baba yake alimshika bega, lakini Yustina akajichomoa, akaingia majini na gauni lake.

"Babu, rudini! Pameoza! Nilidanganya!"

Mzee alisikia, akageuza. Lakini plaiwudi ilibanduka kabla hawajafika, Pacha kikapinduka, mlingoti ukaanguka. Wavuvi waliwatoa wote wawili. Samiha alitapika maji, akalia mpaka akaishiwa sauti. Mzee hakulia, ila mkono wake wa kulia, uliopondwa na mlingoti, haukushika nyundo tena.

Marselino alikaa siku tatu bila kutoka nje. Siku ya nne alikwenda kwenye kamati ya ushirika, akaeleza yote, hata yale aliyomfundisha mtoto. Wengine walitaka afukuzwe. Mzee Mwishehe aliomba apewe kazi ya kuugeuza ule mwili wa kulia, uliobaki mzima, kuwa ngalawa ya ushirika, bila uanachama, mpaka aaminike tena. Kamati ikakubali shingo upande.

Yustina alianza kumshikia mzee nyundo kila alipotoka shule. Samiha hakusema naye kwa muda mrefu, na Yustina hakumlaumu.

"Babu, unanichukia?" aliuliza siku moja.

"Nilikuona unafuta mkono," mzee alijibu. "Mkono ulisema kweli, mimi nikasikiliza mdomo, kwa kumhurumia baba yako. Tulikosa sote. Shida yenu ilikuwa ya kweli, mjukuu wangu. Lakini ukificha ubovu ili umwokoe wako, unamzamisha wa mwenzio. Haya, gonga."

Chombo cha kukaguliwa siku ile kilikuwa cha mwenyekiti wa ushirika, naye alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma. Yustina akagonga, akasikiliza, akagonga tena.

"Panalia bufu, babu," alinong'ona.

"Sema kwa sauti, wasikie wote."

Akasema kwa sauti.