Bakuli la Bluu la Odeta

"Mwizi weee!"

Ndivyo nilivyomwita mke wa mwanangu leo, majirani wa Buzuruga wakisikia!

Nimeingia sebuleni, namkuta Sharon amepiga magoti, bakuli la bluu la marehemu mke wangu liko kwenye kanga...

Ngoja niwaeleweshe. Odeta wangu alikusanya vyombo vya Mama Apiyo, mfinyanzi wa Igombe, miaka na miaka. Vya udongo, lakini vinang'aa kama sato katoka majini sasa hivi. Ukiagiza kwake, unabonyeza dole gumba chini ya chombo kingali kibichi. Hapo kimeshakuwa chako.

Tangu nimzike, nimevifungia kabatini. Hagusi mtu!

"Umevitafutia mteja, eeh?"

"Baba, subiri kwanza..."

"Nisubiri nini? Lete hapa!"

Nikavuta. Akavuta. Akaachia...

Pwaaa! Kwenye sementi.

Sharon hakulia. Akanionyesha kabati kwa kidole.

"Baba, fungua kabati."

Nikafungua. Jamani... limejaa! Hakuna pengo hata moja!

"Sikuwa nafunga, Baba. Nilikuwa nafungua. Hili Mama alikuagizia wewe, akiwa anaumwa. Alisema yale mengine ni madogo, mkono wako hauenei."

"Mbona limekuja leo?"

"Si mwenyekiti wa mtaa wa Mama Apiyo alizima tanuru lake, eti lina moshi? Juzi wameruhusiwa kuchoma tena. Leo nikalifuata, nikufurahishe."

Eti moshi! Moshi wa magari yao hawa wakubwa hawauoni. Mke wangu kafa hajaliona bakuli lake!

Nikaokota kipande cha chini. Dole gumba... na lile kovu la kisu cha kuparia samaki. Odeta mwenyewe!

Nikampigia Mama Apiyo.

"Shemeji, limevunjika. Nitengenezee lingine."



"Lingine nitatengeneza, shemeji. Dole la Odeta nitalitoa wapi?"

Nikakata simu.

Jioni Sharon kaleta ugali. Nikatoa bakuli moja kabatini, nikampa alitumie yeye.

"Na wewe kula, Baba."

Tonge nikalirudisha sahanini, ndugu zangu.

Mwenyekiti nitamlaumu mpaka naingia kaburini. Ila leo sebuleni kwangu hakuwepo. Aliyevuta ni mimi.

Wewe unayesoma, ukimkuta mtu ana kitu mkononi, muulize. Mwache amalize kufungua.