Ko Ko Ko Chini ya Kijumba cha Shekina

"Huyu mutoto njo alikula ndugu yangu."

Shemeki yangu Godefroid alisema vile mbele ya familia nzima. Kidole chake kilimwelekea binti yangu Shekina, ambaye hajang'oka hata jino la kwanza.

Mtoto alikuwa ndani ya kijumba chake cha kuchezea, anampikia mtoto wake wa plastiki bukari, ugali wetu, ya karatasi. Aliposikia wanamtaja baba yake, akatoa kichwa nje.

"Tata iko chini," akasema. "Anapiga ko ko ko."

Mama-mkwe wangu akavuta kiti chake nyuma, kama mtu aliyeona nyoka.

Nyinyi mnaosoma hapa, kwetu Kolwezi neno ndoki likishamshika mtoto, halitoki kwa sabuni. Mtoto anayeitwa mchawi nimemwona kwa macho yangu. Analala sokoni, chini ya meza za wauza samaki, na mama yake akipita anageuza uso...

Huyo ndiye mama niliyekuwa nakaribia kuwa.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mume wangu Dady alikuwa mchimbaji. Udongo ulimwangukia ndani ya shimo, mbali na mji, na hawakumtoa. Tulizika nguo zake. Jeneza lilikuwa jepesi mpaka wabebaji wakaona haya.

Godefroid ni kaka yake mkubwa. Anakaa parsele ya pembeni, kiwanja cha jirani, ukuta mmoja tu kati yetu. Matanga yalipoisha nilikuwa nimeshafunga mizigo, maana najua mjane anavyofanyiwa. Yeye akaingia, akaifungua kwa mkono wake.

"Mama Shekina, kaa mu nyumba. Ni ya mutoto wa ndugu yangu."

Nililia. Jirani yangu Mama Ndaya akaniambia, "Weye uko na bahati. Miye bashemeki balibeba mpaka mwiko."

Kisha siku moja Godefroid akaleta boksi.

Ndani kulikuwa na vijiti vya plastiki, vyekundu na vya kijani, na vipira vyenye matundu. Unaingiza kijiti kwenye tundu, kingine, kingine, mpaka nyumba inasimama. Juu unafunika kitambaa cha njano. Shekina alipoona, alisahau hata kusema aksanti.

"Inje kuna vumbi ya malori," Godefroid akasema. "Mutoto achezee mu nyumba."

Akakaa chini, mtu mzima na suruali yake ya pasi, akajenga pamoja naye. Alichagua pembe ya chumba cha nyuma, pale kwenye ukuta.

"Shemeki, ku dirisha kuna mwangaza," nikamwambia.

"Hapana. Hapa. Hapa kuna baridi, mutoto hatatoka jasho."

Nikasema moyoni, Mungu amenipa baba wa pili wa mtoto.

Kijumba kile kikawa dunia yake. Kifuniko cha chupa kilikuwa mbabula, jiko lake la makaa, kipande cha kitenge kilikuwa kitanda. Mimi nikitaka kupita karibu, ananizuia.

"Mama, unapiga kwanza ko ko ko."

"Ko ko ko."

"Nani?"

"Ni mama."

"Rudia kesho, tunalala."

Nacheka, naenda. Kila siku nasikia anajiuliza, anajijibu. Ko ko ko. Nani? Ni tata. Karibu, tata, bukari imeiva. Nikajua mtoto anaomboleza kwa njia yake. Sikumkataza.

Mchana mmoja nilikuwa nakunja nguo mlangoni pa chumba kile. Nikasikia ko ko ko. Nikamtazama Shekina.

Mikono yake ilikuwa imeshika mtoto wa plastiki. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Ko ko ko.

Ilitoka kwenye sakafu.

Mwanangu akaweka mtoto wake chini pole pole, akachukua kijiti chekundu, akagonga saruji. Ko ko ko. Na sakafu ikamjibu.

Nguo nilizokuwa nakunja zilinidondoka. Lakini sikukimbia... Nitawaambia kwa nini. Dady alikuwa na tabia ya kugonga mlango wake mwenyewe kabla ya kuingia. Nilimcheka miaka yote. Mlango ni wako, unamuomba nani ruhusa?

Nilitaka iwe yeye. Basi tu, nilitaka.

Nikaanza kuweka kikombe cha maji pale karibu na kijumba, kikombe chake cha bati. Inapogonga, maji yanatetemeka, duara ndogo ndani ya duara. Nakaa naangalia. Siku nyingine nainama nasema, "Dady, kama ni weye, sema tu jina langu."

Inaendelea tu kugonga.

Mwisho nikamwambia Godefroid. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Mtu anasikia ndugu yake marehemu anagonga, wala hashituki? Niliona, nikaweka akilini.

"Ni mutoto anamwita," akasema. "Mwenye anaita mufu, njo mwenye alimuuza."

Ndipo akaita familia, akamleta Pasta Tharcisse, na mkaona kidole chake pale mwanzo. Wakapanga. Jumapili, baada ya kanisa, watakuja kuomba ndani ya chumba kile. Halafu Shekina atapelekwa nyumba ya maombi kule porini, afunge chakula mpaka aungame. Mimi nirudi kwa wazazi wangu, Sandoa.

"Na hii nyumba?" nikauliza.

"Itafungwa. Iko na roho mubaya," Godefroid akajibu. Akajibu haraka mno.

Walipoondoka, niliingia ndani ya kijumba cha mwanangu. Nikalala kifudifudi, kichwa ndani, miguu nje, sikio kwenye saruji. Mimi ni mtu wa kungoja. Nikangoja.

Ko ko ko.

Sikujibu. Kisha nikasikia kitu kingine.

Mtu alikohoa.

Ndugu zangu, wafu hawakohoi.

Halafu sauti, kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Piga tena, ajibu. Njia imenipotea."

Nikatoka kwa magoti. Shekina alikuwa amesimama, ananitazama kwa furaha.

"Mama, umemusikia?"

"Nimemusikia. Mutoto wangu, nani alikufundisha kumujibu?"

Akaangalia mlango kwanza.

"Tata Godé. Alisema ukijua, tata atakimbia."

Hapo nikakumbuka. Dady aliwahi kuchimba shimo la choo nyuma ya chumba kile. Akatoa mawe meusi, na mengine yana madoa ya kijani, mawe ya kobalti na shaba. Kwingine mtu angepiga kelele za furaha. Dady alilifukia shimo siku ileile. "Chini ya kitanda cha mutoto habachimbake," akaniambia. Na mtu wa pili aliyemwambia alikuwa kaka yake.

Kila mke wa mchimbaji anajua hili. Aliye chini ya ardhi hana kushoto wala kulia. Akitaka kufika mahali fulani, anawekewa mtu juu, anagonga, na yeye wa chini anafuata mlio.

Godefroid alichimbisha kutoka parsele yake, akamweka mwanangu juu. Kila mara Shekina alipomkaribisha baba yake kula, alikuwa analiita shimo lije chini ya miguu yake mwenyewe.

Nilitamani kuruka ukuta nikamrarue. Lakini nani angemwamini mama wa ndoki? Nikakaa. Nikamsuka mtoto nywele zake. Kisha nikaenda kwa Mama Ndaya.

"Jumapili unilindie Shekina. Asikanyage kwangu."

"Kumbe maombi si ni yake?"

"Ni ya mwingine."

Jumapili wakaja. Godefroid alivaa suti. Niliwaketisha wote upande wa mlango, mbali na ile pembe. Kijumba kilikuwa peke yake pale na kitambaa chake cha njano.

"Mutoto iko wapi?" akauliza.

"Anakuya, shemeki. Muanze tu."

Pasta akafungua Biblia. Nikasimama.

"Pasta, mi naomba kitu kimoja. Tumwite kwanza huyo mufu, na nyinyi mumusikie."

Nikapiga magoti, nikachukua kijiti chekundu, nikagonga. Ko ko ko.

"Mama Shekina, acha muchezo," Godefroid akasema.

"Si ulisema ni roho? Tusikie hiyo roho."

"Leo haiwezi kujibu. Leo ni siku ya Mungu, hakuna mutu chini."

Pasta akageuka, akamtazama. "Hakuna mutu chini wapi, tata?"

Godefroid alifungua mdomo, na sakafu ikajibu badala yake.

Ko ko ko.

Kumbe wachimbaji hawana Jumapili wanapokaribia mawe. Nikagonga tena. Wakajibu, karibu zaidi. Saruji ikaanza kutoa unga. Niliruka nyuma mpaka mlangoni. Ncha ya chuma ikatoboa pale pale katikati ya kijumba, na kile kitambaa cha njano kikainuka pole pole, kama mtu aliyelala chini ya shuka anavyoamka.

"Dady wangu," mama-mkwe akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Vijiti vikaanguka, vikabingirika. Kutoka kwenye tundu kikatoka kichwa, kijivu kwa vumbi mpaka kope, taa kwenye paji la uso. Pasta alikuwa ameshafika nje, Biblia yake ikabaki kwenye kiti.

Kichwa kile kikatutazama mmoja mmoja. Kikaona suti.

"Patron," kikasema. "Tumefika. Ule mutu wako wa juu, anapiga muzuri sana."



Mama-mkwe wangu akasimama. Akaangalia kijiti kidogo chekundu mkononi mwangu. Kisha akamwangalia mwanawe.

"Godefroid. Mutu wako wa juu ni nani?"

Mkuu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, aliitwa, tundu likafukiwa, na Godefroid akahama bila kuaga. Pasta alirudi kuchukua Biblia yake, na Jumapili iliyofuata alisema mbele ya kanisa kwamba mtoto wangu hana kitu. Mama-mkwe alikuja kwa miguu yake kumpigia Shekina magoti. Alipiga kwanza ko ko ko kwenye kijumba kipya alichojenga na viti, akangoja aambiwe karibu.

Mimi nilihama. Sasa tunapanga chumba huku Manika, na Shekina anajenga na viti na kitenge changu. Sakafu mpya niliigonga yote kwa kisigino kabla ya kutandika.

Mzazi unayesoma, chukua hili. Mtoto akikuambia kuna mtu chini ya nyumba, usimkimbize kwenye maombi wala usimpige. Ingia kwenye kijumba chake, ulale anapolala, usikie anachosikia. Na mtu akimletea mtoto wako zawadi, angalia anataka akacheze nayo wapi.

Ningeishia hapo. Lakini...

Yule wa kichwa cha vumbi anaitwa Mwenze. Alinitafuta mpaka Manika, na shati safi, kuomba msamaha.

"Mama, hatukujua ni mutoto. Na tena alituokoa."

"Alibaokoa namna gani?"

"Siku moja tulisikia kugonga mbio mbio, bila kupumuzika. Kwetu wachimbaji ile ni kusema tokeni. Tukatoka. Udongo ukaanguka nyuma yetu. Lakini kitu kimoja sikielewi, mama. Ile siku mulio haukutoka juu. Ulitoka chini yetu."

Nikamuuliza ni siku gani. Akaniambia ilikuwa siku ya mvua kubwa, iliyobomoa daraja la mtaa.

Nikampa maji, akanywa.

Siku ile juu hapakuwa na mtu, nyumba ilikuwa na kufuli. Mimi na Shekina tulikuwa makaburini, mvua inatunyeshea, tunapalilia kaburi la nguo za Dady.